Kisu Kisicho na Ala

Mzee alikipokea, akakigeuza, akatafuta pa kukifungulia. Kilikuwa kisu cha kukunja, zawadi ya rafiki aliyeishi Ulaya miaka mingi akarudi na imani kwamba mwanamume asiye na kisu mfukoni hajamaliza kuvaa. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya duka, Sindeni, wilaya ya Handeni, saa ile ya jioni ambayo watu hurudi kutoka shambani mmoja mmoja. Mzee akatia ukucha kwenye kishimo, bapa likatoka, akalirudisha, likalia. Nilidhani ataniuliza bei.

"Na ala yake iko wapi?"

Nikamwambia hakina ala. Mpini wake ndio ala.

"Kwa hiyo kinajificha chenyewe," akasema, akanirudishia mpini ukinielekea mimi, kama adabu inavyotaka.

Nimesoma sifa nyingi za visu vya mfukoni, karibu zote za watu wanaovipenda, na hakuna iliyonikaa kichwani kama maneno hayo.

Huko kilikotoka, kisu cha mfukoni ni jadi yenye wafuasi. Joseph Opinel alianza kutengeneza vyake katika milima ya Savoie, Ufaransa, mwaka 1890: bapa moja, mpini wa mbao, basi. Pete ya kuzuia bapa lisijifunge juu ya vidole ilikuja mwaka 1955, maana yake vidole vya wateja wake vilivumilia miaka 65. Jeshi la Uswisi lilipoamua mwaka 1891 kuwapa askari wake kisu cha kukunja, vya kwanza viliagizwa Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi yenyewe haikuwa na kiwanda cha kutoa idadi hiyo. Karl Elsener wa Ibach aliichukua kazi hiyo baadaye, na leo dunia nzima inamjua Mswisi na kumsahau Mjerumani. Wapo watu wanaovikusanya visu hivi kama wengine wanavyokusanya stempu. Huvilaza kwenye droo zilizotandikwa kitambaa laini, na katika droo hizo kisu chenye thamani kuliko vyote ni kile ambacho hakijawahi kukata kitu.

Mweleze hayo mtu wa Sindeni, atakusikiliza kwa adabu.

Kisu chake yeye kimetoka gulioni, na kabla ya gulio kilikuwa kitu kingine: springi ya lori, kipande cha msumeno, panga lililovunjika katikati ya msimu. Mhunzi amekipasha moto, amekigonga, amekipachika mpini wa mbao. Siku ya kwanza bapa ni pana. Baada ya hapo kazi inakuwa ya kinoo. Kila asubuhi jiwe linakula kidogo, na miaka ikipita bapa linasinyaa, tumbo lake linaingia ndani, mwisho linabaki jembamba kama jani la mchaichai. Hapo ndipo mwenyewe anapoanza kukisifia. Ukimuuliza kina umri gani, hakutajii mwaka. Anaweka kidole hewani, pembeni kidogo ya makali, na kukuambia, "Kilianzia hapa." Thamani ya kisu hicho imo katika sehemu ambayo haipo tena, na sijui mkusanyaji gani angeweza kuinunua.

Kiswahili nacho hakikuona haja ya kukipa kisu cha mfukoni jina lake. Tuna kisu, kijisu na jisu. Tuna panga na upanga, sime na jambia, mundu wa kukatia majani, kotama ya mgema. Hiki kinachojikunja tumekiachia maelezo tu: kisu cha kukunja. Neno lililo karibu zaidi ni kijembe, nalo limeshatekwa na watu wa maneno. Mwambie mtu wa Tanga kwamba umekuja na kijembe mfukoni, atangoja kusikia kinamhusu nani.

Wala si kwamba chuma kilitufikia kwa meli. Upareni, mwendo wa siku chache kutoka hapa kwa miguu ya zamani, ukoo wa Washana uliyeyusha chuma kwa vizazi na kuwauzia jirani zao, Wachaga wakiwamo. Kisu, jembe na mkuki vilikuwa na wenyewe kabla ya duka lolote la Mhindi au la Mzungu. Lakini kisu cha kukunja ni cha kuletwa, na kuletwa kwake kuna kisa.

Mwaka 1901, wataalamu wa London walimpa jina la kisayansi mnyama wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, baada ya Harry Johnston, Kamishna Maalumu wa Uingereza nchini Uganda, kuwapelekea ngozi na mafuvu. Mnyama huyo ni okapi, jamaa wa twiga mwenye miguu ya pundamilia, na magazeti ya Ulaya yalimshangilia. Mwaka uliofuata, 1902, Solingen ilianza kutengeneza kisu cha kukunja kilichobeba jina hilo, Okapi, kwa ajili ya makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Uziguani, nchi hii ya Handeni, ilikuwa ndani ya mojawapo. Ilikuwa imepita miaka 12 tu tangu Bwana Heri bin Juma wa Saadani, baada ya kuwasumbua Wajerumani kwa muda mrefu, aweke silaha chini. Waliopokea silaha sasa walikuwa wanauza visu. Biashara haina kinyongo.

Okapi ni kisu kizuri. Mpini wake wa mbao umepinda kidogo, umepambwa kwa nyota na mwezi wa chuma, na nyuma kuna pete ya kuvuta ili bapa liachie. Ni kisu cha mtu wa kipato kidogo, na hilo ndilo lililokipa maisha marefu: mwaka 1988 jina na mitambo yake vilinunuliwa Afrika Kusini, na huko ndiko kinakotengenezwa hadi leo. Kimefika hata Jamaica. Afrika Kusini kina sifa mbili, ya zana rahisi na ya silaha ya vichochoroni, na kama kawaida sifa ya pili ndiyo iliyosafiri zaidi. Mimi nimepita magulio ya Handeni na Korogwe miaka kadhaa, nikainama juu ya turubai za wauza visu, na sikumbuki kukiona. Wajerumani walitutengenezea kisu cha mfukoni na kutuletea mpaka mlangoni. Kilichokosekana ni mfuko uliokuwa unakisubiri.

Sababu moja ni ya kazi. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo hula kila kinachopita karibu nacho: utomvu wa embe bichi, unga wa muhogo, mchanga, damu. Cha ala unakisuuza kwa maji ya kata moja na kukifuta kwenye suruali. Cha kukunja kinataka kijiti, mafuta na subira, vitu ambavyo mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupalilia hana vyote kwa pamoja. Halafu kuna kuchinja. Mafundisho ya Kiislamu yanataka kisu kiwe kikali, na kisinolewe mbele ya mnyama anayengoja. Katika vijiji vya Handeni, kuku akitakiwa na wanaume wa nyumba hawapo, mtoto hutumwa kwa jirani: nenda kamwite baba fulani aje atuchinjie. Jirani huja na kisu chake. Hakiji kikitoka mfukoni katikati ya funguo na shilingi mia mia; kinachomolewa kwenye ala, na kila aliyepo anaona kwamba ni safi.

Sababu ya pili ndiyo ile ya mzee. Kisu cha ala kinaning'inia kiunoni, kwenye mkanda, kila mtu anakiona. Hakina la kueleza. Anayekutana nawe njiani amekwisha kukisoma kabla hamjasalimiana: huyu ametoka shambani, huyu anakwenda kukata fito. Kisu kilichokaa mfukoni kinaanza kuonekana pale tu kinapofunguliwa, na wakati huo mtu anaanza kujiuliza kwa nini hakukiona mapema.

Waingereza wameandika kinyume chake. Sheria yao ya mwaka 1988 inakataza kutembea hadharani na kitu chenye makali bila sababu ya msingi, kisha inakisamehe kisu cha kukunja cha mfukoni, mradi makali yake hayazidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6. Kinachojificha kinaaminiwa, kinachoonekana ndicho kinachotakiwa kujieleza polisi. Mkulima wa Sindeni akishushwa London na kisu chake kiunoni, atakuwa mtuhumiwa kabla hajapata chai, na anayemkamata anaweza kuwa na cha kukunja mfukoni bila kosa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, yenyewe haikupima inchi. Inamtazama mtu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia wengine hofu. Kipimo ni hofu, na hofu hutegemea watu wamezoea kuona nini.

Handeni wamezoea kuona mengi. Wafugaji wa Kimaasai na Wakwavi wamekaa katika nchi hii kwa vizazi, na tangu mwaka 2022 wengine wamehamishiwa Msomera kutoka Ngorongoro. Sime katika ala yake nyekundu ni ndefu kuliko visu vyote vya kukunja vya droo moja vikipangwa kwa mstari, walau droo ninazozijua mimi, na bado abiria wa basi dogo hukaa ubavuni mwake akiendelea na simu yake. Ng'ambo ya bahari ni hivyo hivyo. Oman wameliweka jambia, wao huliita khanjar, kwenye bendera yao, na mwaka 2022 UNESCO iliuorodhesha ufundi wake na desturi zake kuwa urithi wa binadamu. Linavaliwa katikati ya tumbo, mbele kabisa, mahali ambapo haiwezekani kusema hukuliona. Sisi tulikuwa na nafasi kama hiyo tukaipita: nembo ya taifa ina shoka, jembe na mkuki. Kisu, ambacho kinaingia katika nyumba nyingi kuliko vyote vitatu, hakikualikwa.

Sisemi kwamba chuma kinachoonekana hakiui. Rwanda mwaka 1994 mapanga yalionekana na kila mtu. Huku kwetu pia ugomvi wa mkulima na mfugaji, mifugo ikiingia shambani, umewahi kugeuza zana za kazi kuwa jambo jingine. Kuonekana kunaondoa siri. Hasira ina njia zake.

Korogwe kisu kina historia ya ajira. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge mwaka 1893. Katika 1,000 iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyofika hai. Miche hiyo michache ndiyo iliyozaa Ngombezi, Magunga, Hale na mashamba mengine yaliyojaza bonde la Pangani, na kufikia mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za nyuzi. Sasa piga hesabu. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo nyuma ya tani hizo kulikuwa na zaidi ya tani milioni 5 za majani, na kila jani lilikatwa kwa mkono, mtu ameinama, miba ikimtazama machoni. Korona, ile mashine ya kukamua majani, ilikuwa fahari ya kiwanda na wageni walipelekwa kuiona. Kisu cha mkata mkonge hakikuoneshwa kwa mgeni. Manamba walikuja kutoka Kigoma, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka Msumbiji, wakaandikishwa kwa namba, wakashika mpini. Kazi hiyo mashine haijaiweza hadi leo. Ukitaka kisu chenye haki ya kuitwa cha jadi katika upande huu wa nchi, mimi ningependekeza hicho, ingawa najua hakuna mkata mkonge aliyewahi kukitandikia kitambaa laini.

Nikiri hapa kwamba hoja yangu ya kuonekana ina tundu, na aliyelitoboa ni mzee yule yule. Kabla hatujaagana alitaka kukata uzi uliochomoza kwenye mshono wa shati lake. Hakugusa kisu changu wala chake. Akatia vidole kwenye mfuko wa kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, na ndani ya karatasi mlikuwa na nusu ya wembe.

King Camp Gillette wa Marekani alipata hataza ya wembe wake wa kutupa mwaka 1904, miaka miwili baada ya Okapi, na nadhani yeye ndiye aliyeushinda mfuko wa Mwafrika Mashariki. Wembe ni mwembamba, haulemei, bei yake haimfanyi mtu aulinde. Mwanafunzi anachongea penseli kwa nusu wembe, na mwalimu anaukamata na kuchongea yake. Fundi cherehani anafumulia mshono. Mama anakata kucha za mtoto. Mkunga wa jadi alikatia kitovu. Mganga anachanjia chale, na Handeni, kama nchi nzima inavyopenda kutukumbusha, waganga si haba. Ndiyo maana tangu miaka ya janga la ukimwi watu wameambiwa kila mtu aje na wembe wake, na wengi huja nao. Huo ndio ubebaji wa makali wa kila siku katika mifuko yetu, umejificha kabisa, na hakuna anayeuogopa kwa sababu hakuna anayeuita kisu.

Hata kisu kidogo cha Wazungu kilianza kwa kazi ya aina hiyo: kuchonga kalamu za unyoya. Chuoni, kwenye madrasa za zamani za pwani, kalamu ilikuwa ya mwanzi, na mwenye kisu cha kuichonga alikuwa mwalimu. Kalamu ya wino ikaja, visu vyote viwili vikakosa ajira. Cha kwao kikapata droo.

Cha kwangu hakikufika droo. Kilichukuliwa kwenye ukaguzi wa uwanja mmoja wa ndege nilipokisahau mfukoni. Kanuni nyingi za usafiri wa anga zinaweka mpaka kwenye sentimita 6, nacho kilizidi kwa upana wa ukucha. Kijana wa ukaguzi alinionesha pa kukiweka: sanduku la plastiki linaloonyesha ndani, limejaa nusu. Vya Kiswisi, vya Kifaransa, vya kuigiza vya Kichina, chenye mpini wa pembe, kimoja chenye jina la mtu limechongwa kwa mkono. Niliuachia mkusanyiko ule kisu changu bila ubishi. Katika nchi hii sijaona mwingine ulioukaribia.

Wakusanyaji wa visu vyetu wenyewe walikuwa wageni, na hawakungoja uwanja wa ndege. Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin yana silaha zilizochukuliwa kwetu wakati wa vita vya Majimaji, zimeandikwa namba na kupangwa. Kuna kazi inaendelea kati ya watu wa makumbusho wa nchi hizi mbili kuhusu vitu vya namna hiyo, na itachukua muda wake. Kinachonishangaza ni hali ya bapa katika picha za makusanyo ya aina hiyo: visu vingi bado ni vipana, kana kwamba vimetoka kwa mhunzi jana. Vilitoka mikononi mwa wenyewe kabla kinoo hakijafanya kazi yake.

Pale Segera, mabasi yanaposimama, vijana wa machungwa bado wanakifanyisha kazi chao. Chungwa linazungushwa, ganda la kijani linatoka utepe mmoja mrefu usiokatika, weupe unabaki mzima, kisha linakatwa juu kidogo na kupandishwa dirishani. Bapa linalofanya hivyo limeliwa mpaka linapinda likibonyezwa kwa kidole. Kijana hatazami mkono wake. Anamtazama konda, kwa sababu konda ndiye asiyetabirika.

Nimebakiwa na mkusanyiko mmoja. Kukiwa na shughuli Sindeni, harusi au msiba, wanawake huja kupika, na kila mmoja huja na kisu chake. Vitunguu vya watu mia tatu havikatwi kwa visu vya nyumba moja. Kwa kuwa visu vinafanana, kila kimoja kimetiwa alama na mwenyewe: uzi mwekundu kwenye mpini, rangi ya kucha, herufi iliyochomwa kwa msumari wa moto, kipande cha kanga. Kazi ikiisha vinaoshwa na kuwekwa katika beseni moja, thelathini, arobaini, vyote vimelala pamoja vikimeta maji. Hakuna anayevihesabu. Jioni kila mtu anainama, anachagua chake, anakifunga kwenye pindo la kanga na kwenda.

Kwenye msiba mmoja niliohudhuria, beseni lilibaki na kisu kimoja. Kilikuwa kimeliwa zaidi ya nusu, na uzi wake ulikuwa umepauka hadi rangi yake ya kwanza haikutambulika. Wakakitaja kwa majina ya watu wawili watatu, wote wakakana. Mwenye nyumba akakichomeka kwenye makuti juu ya mlango wa jiko, mpini ukining'inia nje, ili atakayekuja akione.